Ada Tulipe, Shauri Tusiulizwe

Mwaka 1970, nilipokuwa karani mwanafunzi katika afisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu mjini London, niliwaona watu waliozoea kuinamia tarakimu kimya kimya wakiwaka ghadhabu kuliko makuli wa Kilindini siku ya mgomo. Baraza la Taasisi ya Wahasibu wa Uingereza na Wales, iliyopewa Hati ya Kifalme mwaka 1880, lilikuwa limepatana na viongozi wa vyama vingine vitano, wakiwamo wahasibu wa Scotland na Ireland, wa viwandani na wa manispaa, kwamba taaluma yote iwekwe chini ya mfumo mmoja.

Mwajiri wangu, mzee mpole aliyesahihisha urari wetu bila kuinua sauti, alianza kukesha akiandika barua za kupinga. Ada tunalipa, akisema, lakini shauri hatuulizwi. Na Barazani, kwa madai yake, wanasikilizwa wakubwa wa afisi kubwa, wasiojua taabu ya mhasibu wa mji mdogo. Sisemi kwamba hapakuwa na kiburi. Kilikuwapo, tena kingi, kwani wako ambao wazee wao walilipa fedha ili wapokewe uanafunzi, wakastahimili mitihani na ujira wa kuona haya, na sasa waliambiwa cheo hicho kitapatikana kwa mlango mwingine. Wengine walikuwa hawajasahau kwamba mwaka 1957 Taasisi ilikwisha kukipokea chama kizima cha wahasibu wengine.

Mimi niliziona hoja za Baraza zina uzito, maana mfanyabiashara wa kawaida hakuweza kupambanua mhasibu wa chama hiki na wa kile. Walakini viongozi waliwajia wanachama na jambo lililokwisha kuiva, wakitaka saini tu. Na mkaguzi, ambaye riziki yake ni kukataa kutia saini asilolichunguza, haendewi hivyo. Kura zilipohesabiwa, wanachama walikuwa wameukataa mpango. Sisi makarani, ambao ndio tungaliishi nao, hatukuwa na kura.

Yangu niliipata baadaye, na mwaka 2005, Baraza lilipotaka kuungana na wahasibu wa fedha za umma, niliipeleka kwa posta kutoka Mombasa, ya kukubali. Safari hiyo waliokubali walikuwa wengi, ila theluthi mbili iliyotakiwa ilikosekana kwa kiasi cha asilimia moja.