Kabla ya Kuzima na Kuwasha

Naiacha kazi hii wakati wanaoifanya kwa kusoma, mstari kwa mstari, wanazidi kupungua. Utoto wangu ulipita katikati ya redio zilizofunguliwa mgongo, ujana ukapita kwenye kompyuta za watu wengine, na utu uzima wangu nimeumalizia kutafuta hitilafu za roboti za chati, zile programu zinazokaa ndani ya matangazo ya mubashara zikiwajibu watazamaji, zikifuta matusi na kutaja ratiba. Kuhusu mimi, hayo yanatosha. Ninachotaka kukiacha kwenye maandishi ni ubishi ambao sijaumaliza na wenzangu. Roboti ikinyamaza hewani, tuzime na kuwasha kwanza, au tusome kwanza kumbukumbu, yale maandishi ambayo programu huyaweka kwenye faili kuhusu kila kinachotokea? Msimamo wangu ni uleule wa siku zote. Anayewasha upya kabla ya kusoma anapoteza ushahidi, na mara nyingi anaondoka na imani kwamba ametibu, kumbe ugonjwa umepoa kwa sababu nyingine kabisa.

Tuanze na jinsi mambo yanavyopita. Chati ya Twitch, jukwaa lililozaliwa mwaka 2011 kutoka Justin.tv, huzungumza na roboti kwa mtindo wa IRC, mfumo wa kuchati ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988. Urithi huo una faida moja kubwa kwa fundi: kila kinachoingia na kutoka ni mstari wa maandishi ya kawaida ambao mtu mwenye subira anaweza kuusoma kwa macho yake. Kila baada ya dakika tano hivi seva hutuma neno PING, na programu inapaswa kujibu PONG. Isipojibu, inakatwa. Roboti yenye kasoro hiyo hufanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa, kisha hutoweka. Ukiizima na kuiwasha inarudi, na baada ya dakika kadhaa inatoweka tena. Wapo waliojenga utaratibu mzima juu ya jambo hili, kompyuta ikiamrishwa kuiwasha roboti upya kila baada ya muda fulani, ilhali mstari mmoja wa PING usiofuatwa na PONG ungewaambia kila kitu.

Lakini mfano wenye uzito zaidi ni ukomo wa kasi. Kwa kanuni za Twitch, akaunti ya kawaida inaruhusiwa jumbe 20 katika sekunde 30, na akaunti iliyopewa usimamizi wa chaneli inaruhusiwa 100. Ukizidisha, seva inazipuuza jumbe zako kwa dakika 30, na muunganisho unaweza kubaki wazi kana kwamba hakuna lililotokea. Roboti inasoma, inatuma, na kwenye chati hakionekani kitu. Sasa mfikirie fundi mwenye papara ndani ya nusu saa hiyo. Anawasha upya, kimya. Anaomba tokeni mpya, yaani ufunguo wa siri wa kuiingiza roboti kwenye chati, kimya. Anaifuta programu nzima na kuisakinisha tena, na safari hii inaongea, kwa sababu nusu saa imetimia. Kuanzia hapo ataamini kwamba dawa ni kusakinisha upya, ataiandika kwenye mwongozo wa ofisi, na watakaomfuata watairithi kama sheria. Aliyesoma kumbukumbu angezihesabu jumbe zilizotoka katika zile sekunde 30, akagundua kwamba roboti haijapewa usimamizi, na kumwomba mwenye chaneli aandike /mod na jina la roboti. Mwongozo wa yule wa kwanza ndio unaonikera, kwa sababu una sura ya ujuzi.

Kuna hitilafu nyingine ninayoipenda kwa jinsi ilivyo ndogo. Twitch humzuia mtu kurudia ujumbe uleule ndani ya sekunde 30. Ili kulikwepa zuio hilo, Chatterino, programu ambayo watazamaji wengi huitumia kuchati, huongeza mwishoni mwa ujumbe wa pili nafasi na herufi isiyoonekana. Mtazamaji anaandika !ratiba na kujibiwa. Anaandika !ratiba tena na hajibiwi, kwa kuwa roboti inalinganisha herufi kwa herufi na kwake hilo si neno lilelile. Kwenye skrini amri mbili zinafanana kabisa. Fundi anawasha upya, anaandika amri yake mara moja, inajibu, anatangaza kwamba imepona. Ni kumbukumbu inayoonyesha baiti zenyewe ndiyo itakayomfunulia ile herufi ya ziada, na dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo unaosafisha ujumbe kabla ya kuulinganisha.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba matangazo ya mubashara hayasubiri: watazamaji wako pale, mrushaji anahangaika, hakuna muda wa kusoma. Hoja hii naiheshimu, kwa maana inatoka kwa watu wanaobeba lawama. Ila inachanganya mambo mawili. Kunakili faili la kumbukumbu huchukua sekunde chache, baada ya hapo washa upya ukitaka. Na zipo hali ambazo kuwasha upya ni sahihi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, ilikuwa rahisi programu kubaki imeshikilia muunganisho uliokwisha kufa. Linux yenyewe, isipopangwa vingine, husubiri saa mbili kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili bado upo, tena kwa miunganisho iliyoomba ukaguzi huo tu. Hapo kuunganisha upya ndiko kunakotakiwa. Lakini utajuaje kwamba ni hali hiyo? Utajua kwa kuona kwenye kumbukumbu kwamba hata PING ya seva haikuingia kwa muda mrefu. Na ukishajua, utaifundisha roboti itume PING yake yenyewe kila dakika na kujiunganisha upya isipopata jibu, bila kumsubiri mtu.

Kwa upande wa YouTube, ambako makanisa na redio zetu hurusha matangazo yao, mambo yanazidi kuonyesha ninachokisema. Kwa kawaida mradi wa programu hupewa pointi 10,000 kwa siku, na kila ombi la kusoma chati hukatwa humo. Tuseme ombi moja linatozwa pointi 5 na roboti inaomba kila baada ya sekunde 5: akiba yote inakwisha katika sekunde 10,000, yaani dakika 167 hivi. Na siku yenyewe hugeuka usiku wa manane kwa saa za California, ambapo Nairobi na Dar es Salaam ni saa 4 au saa 5 asubuhi kutegemea majira yao. Kwa hiyo ibada ya Jumapili inayoanza saa 3 asubuhi inatumia masalia ya Jumamosi. Kama Jumamosi jioni harusi ilirushwa kwa mradi huohuo, roboti itakuwa bubu tangu wimbo wa kwanza, kisha itazinduka katikati ya mahubiri. Yeyote aliyekuwa ameshika kitufe dakika hiyo atadhani ameiponya. Jibu la kosa lililotoka YouTube lilikuwa kwenye faili muda wote, likitaja ukomo wa matumizi waziwazi.

Vijana huniambia kwamba siku hizi kuna maktaba za msimbo zinazoshughulikia yote hayo, na kwamba Twitch yenyewe inawasukuma watu kwenye EventSub, njia yake mpya zaidi ya kuziarifu programu yanayotokea. Ni kweli, na tangu Februari 2023 amri za usimamizi kama vile kumfungia mtu hazipiti tena kwenye IRC. Lakini angalieni EventSub inavyofanya kazi kwa WebSocket, yaani muunganisho unaobaki wazi kati ya programu na seva: ukishakaribishwa una sekunde 10 za kujiandikisha au unakatwa, seva ikitaka kukuhamisha inakupa anwani mpya, nawe una sekunde 30 za kuhamia. Ni wajibu uleule wa kujibu kwa wakati. Maktaba inaweza kuutekeleza kwa niaba yenu, na ikishindwa, inashindwa kimyakimya ndani ya msimbo ambao hamkuuandika. Akili unde nayo, ikiambiwa tu kwamba roboti haijibu, itabahatisha kama mtu yeyote. Ipeni mistari yenyewe. Kwa hiyo andikeni sehemu ya kumbukumbu kabla ya kuandika amri ya kwanza ya roboti: saa kwa UTC, mstari umeingia au umetoka, maandishi yake kamili bila kupambwa, na tokeni ikiwa imefichwa, kwa kuwa faili hilo mtalituma kwa watu mkiomba msaada.