Hapa ni wapi?

Mdogo wangu haoni tangu alipougua surua akiwa na miaka miwili. Roboti alizijua kwa redio: zile za Kinshasa, alizobuni mhandisi Thérèse Kirongozi, zilizoanza kuongoza magari kwenye njia panda mwaka 2013. Siku hiyo aliniuliza, "Yaya, zinageuka namna gani?" Nilimshika mabega nikamgeuza.

Likizo iliyopita, wanafunzi wa ufundi waliwafundisha watoto wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, kuunda kigari kinachojiendesha. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa; mimi niliombwa kuyatafsiri kwa Kiswahili. Nikampeleka mdogo wangu, tena kwa majivuno.

Nikaanza: "Waya nyekundu weka hapa, nyeusi pale. Taa ikiwaka, umefaulu." Watoto wakainamia kazi. Yeye akaweka mikono magotini. Baadaye akaniuliza polepole, "Yaya, hapa ni wapi?"

Kwa miaka mitatu nimesoma viashiria: hapa pa karibu, pale pa mbali. Kwenye mitihani sikukosea. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno hayo yanadai macho ya msikilizaji. Sentensi yangu ilikuwa sahihi kisarufi, na ilimfungia mtoto mlango.

Kesho yake tulianza upya. Waya nyekundu tuliifunga fundo. Mahali pa taa tuliweka kengele ndogo ya umeme. Badala ya "hapa" nilisema, "tundu la tatu kutoka kona ya kushoto". Kengele ilipolia, alipiga kelele kuishinda.

Mwalimu mmoja akamweleza kwamba ndani ya kompyuta kila kitu ni moja au sifuri. Akacheka: "Kama breli! Nukta imeinuka au haikuinuka." Kweli, nukta sita za breli hutoa mipangilio 64, na vidole vyake vilikuwa vinaijua kabla yetu sote.

Lakini hatukumaliza. Amri za kigari zilipangwa kwa picha za rangi zinazoburutwa kwenye kioo cha kompyuta, picha zisizosema neno. Yeye alitamka amri, mimi nikaziburuta. Kigari kilikwenda, naye akanuna: "Hiki ni chako, yaya."

Alikuwa na haki. Likizo ijayo nitakaa na wanafunzi wa ufundi kabla ya somo, si baada yake. Tutatafuta programu inayokubali amri za maandishi na kuzisoma kwa sauti. Maelezo nitayaandika mimi, kisha nitayajaribu nikiwa nimefumba macho.