Chupa ya Marashi ya Taif



Wiki iliyopita somo wa mdogo wetu alituuliza, "Marashi ya singo munayo?" Tukatazamana. Tulikuwa na chupa mbili. Moja tuliinunua dukani, imeandikwa Taif, bei rahisi, na tulipomjaribishia biharusi shingo ikawa nyekundu. Somo aliinusa mara moja tu, akaiweka kando. "Haya maji na dawa ya harufu, wanangu. Musimpake tena."

Ya pili ni ya mama. Alipokwenda Umra alipanda mlimani mpaka Taif kwa ajili yake. Mji ule uko juu, una baridi, na waridi ndiyo alama yake. Wenyewe wanauita mji wa mawaridi. Ua lenyewe ni jepesi, lina petali kama 30. Huchumwa Machi na Aprili, alfajiri, kabla jua halijaondoa harufu, na siku hiyo hiyo huchemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba. Mvuke ukipoa ndiyo marashi, na juu yake huelea mafuta kidogo ambayo bei yake hatuitaji hapa, tusije tukawatisha maharusi. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza kazi hizi za mawaridi ya Taif katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Lakini kwa mama la maana lilikuwa moja: Kaaba huoshwa kwa Zamzam iliyochanganywa na maji ya mawaridi. Akilisema hilo, chupa huishika kwa mikono miwili.

Nusu yake ilimalizikia kwenye sanda yake. Miaka mitatu sasa. Iliyobaki tuliifungia kabatini, na safari hii tuligombana kweli, wengine hatutaki hata iguswe. Somo akatusikiliza, kisha akasema, "Mama yenu alinunua ya harusi. Nyinyi munaiweka ya msiba."

Hatukuwa na jibu.

Jana tumeifungua. Kidogo tumemjaribishia biharusi ndani ya mkono, tukangoja siku nzima (nanyi fanyeni hivyo, hata yawe marashi ya nani). Leo asubuhi hakuna wekundu. Yametiwa kwenye singo pamoja na liwa na karafuu, yaliyobaki yako kwenye mrashi wa fedha, ya kuwarashia wageni wanawake siku ya maulidi.

Chupa tupu ameiomba mdogo wetu. Ameilaza katikati ya khanga zake, bila kifuniko.