Mwalimu wa Kilakala na Noah ya Bei Chee Iliyonukia Kupita Kiasi

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi Julai 2025, Noah nyeupe Old Model, namba D, ilipopanda taratibu kwenye vichochoro vya Kilakala, Morogoro, ikaja kusimama chini ya mwembe. Vioo vya mbele viko chini vyote, muziki unalia, na kwenye kioo cha ndani kumening'inia pafyumu tatu za gari. Tatu! Watoto wa jirani walishaizunguka kabla dalali hajazima hata injini.

Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Kwa miaka kadhaa amekuwa akimtazama mdogo wake wa kiume akiondoka na bodaboda alfajiri na kurudi usiku, na kila simu ya namba ngeni ikiingia, moyo unampasuka. Kijana alishaanguka mara mbili. Ya pili alilala na mguu juu wiki sita. Na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuja kula pilau na kuondoka, ni mtu mzito kwa watoto wa dada yake. Mwalimu akasema basi, mjomba wa wanangu ashuke kwenye pikipiki.

Akaenda SACCOS, akachukua milioni 8 kwa miezi 36. Hesabu ilikuwa nyepesi: tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro Juni 2024, kuna abiria wanashuka na mizigo, wengine wanataka kupandishwa mlimani, na Msamvu nako mabasi hayakauki. Noah moja ingemlea kijana na kulipa mkopo. Pesa ikaingia. Makato nayo yakaanza mwezi huohuo, zaidi ya laki mbili na nusu, gari bado halijaonekana.

Kijana ndiye aliyeipata. Tangazo la kwenye grupu la WhatsApp lilisema: "Noah kali, namba D, haina tatizo, haidaiwi, nunua ondoka nayo, milioni 7.5, mazungumzo yapo." Za aina hiyo wenzake walikuwa wanaziuza milioni 11 mpaka 12. Akapanda treni hadi Dar kwenda kuiona, akarudi macho yanang'aa. "Dada, hiyo ndiyo yenyewe. Tukichelewa inaondoka." Dalali akakubali kuileta Morogoro mwenyewe, kilomita karibu 190, kwa mafuta yake. Hapo tu palitosha kumfanya mtu ajiulize. Tangu lini dalali akaunguza mafuta yake kwa gari linalogombaniwa?

Mwalimu hajui magari, ila alifanya jambo moja la akili. Alimwita fundi wake. Si fundi wa dalali, si rafiki wa mdogo wake. Alimwita mzee mmoja mwenye gereji ndogo hapohapo mtaani, mtu wa maneno machache, akamwahidi elfu arobaini, gari linunuliwe lisinunuliwe. Hiyo ni siri kubwa wadau: fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu, naye ni dalali.

Mzee alipofika hakugusa boneti. Alisalimia, akafungua mlango, akapandisha vioo vyote, akafunga milango, akakaa ndani peke yake kama dakika tano. Dalali akacheka, "Mzee vipi, unasali?" Mzee akatoka, akazitoa zile pafyumu tatu, akamkabidhi. "Zishike kwanza. Nataka kunusa gari."

Kisha akamwita mwalimu anuse naye. Chini ya harufu ya strawberi kulikuwa na harufu nyingine, ile ya kabati la nguo lililofungwa masika nzima.

Akaingiza mkono kwenye zulia, akalikunja pembeni. Zulia lenyewe jipya, limekatwa vizuri. Chini yake, kwenye kona ambazo kitambaa cha kufutia hakifiki, kulikuwa na tope kavu laini kama unga wa muhogo. Boliti za kushikilia siti zimeshika kutu, na kwenye vichwa vyake kuna mikwaruzo mipya ya spana, maana yake siti zilishafunguliwa zote zikatolewa nje. "Gari la umri huu kutu kidogo si ajabu," mzee akasema. "Ila mtu anatoa siti zote anatafuta nini?"

Dalali akawahi: "Lilioshwa tu ndani, mzee. Mwenyewe ni msafi."

Mzee hakumjibu. Akaenda siti ya nyuma, akaushika mkanda, akauvuta, akauvuta, mpaka ukagoma. Ile sehemu ya mwisho, ambayo abiria haioni kwa sababu imejiviringisha ndani siku zote, ilikuwa ya kahawia. Na palipoishia kahawia palikuwa na mstari.

Hapo mwalimu hakuhitaji kuelezwa. Mtu wa Kilakala anaujua mstari huo. Mvua ikishuka kutoka Uluguru na korongo likijaa, nyumba za karibu huingia maji, na yakitoka huacha mstari ukutani. Unapaka rangi, masika ijayo mstari unachungulia tena. Mwalimu alikulia kwenye nyumba yenye mstari wa namna hiyo. Kumbe na gari linao.

Mzee akaendelea, safari hii akimfundisha. Akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zikawaka zote isipokuwa ya eabegi. "Hii inatakiwa iwake kidogo halafu izime. Ikiwaka isizime, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, mara nyingi mtu kaitoa balbu ili usijue kuna tatizo." Kioo cha mlango wa kushoto kilipanda kwa kusuasua kama mzee anayepanda ngazi. Ndani ya taa ya mbele kulikuwa na ukungu na vumbi lililokaa kwenye mstari, sawa na ule wa mkanda.

Injini ya Noah Old Model iko chini ya siti za mbele, basi akainua siti. Oili ilikuwa safi, ya dhahabu, mpya kabisa. Ya gia boksi nayo mpya. Dalali akatabasamu. Mzee akasema oili ikichanganyika na maji huwa kama chai ya maziwa, na kwenye hili gari haikuwa hivyo, lakini oili iliyobadilishwa juzi haiwezi kutoa ushahidi wa mwaka jana. Akachomoa soketi moja ya waya, akaigeuza kwenye jua. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, ule unaoota kwenye shaba ikila unyevu. Akachomoa ya pili. Kijani.

"Mwalimu, gari hili lilizama," akasema. "Halikukanyaga dimbwi. Lilizama mpaka usawa wa siti."

Mdogo mtu akaja juu. Kwani si linawaka? Si limetoka Dar mpaka hapa bila kusimama? Swali la haki kabisa, na mzee alimjibu kwa upole. Maji yakiingia kwenye silinda injini ikiwa inafanya kazi, hapo ndipo kuna msiba wa papohapo, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo piston inagonga na koneki rodi inapinda. Hili pengine lilizama limezimwa. Likakaushwa, likaoshwa, likawaka. Tatizo lake ni waya. Shaba inaliwa pole pole. Leo kioo, mwezi ujao taa, halafu stata, halafu kontroli boksi, siku moja uko njiani usiku na abiria sita, linazima lote. "Maji yalishakauka, mwanangu. Kutu ndiyo inaendelea na kazi."

Dalali akamvuta mzee pembeni. Kilichosemwa kule kilijulikana baadaye: elfu hamsini, aseme tu "gari lina vitu vidogo vidogo". Mzee akarudi na kusema kwa sauti, "Huyu bwana ananipa hamsini. Yeye jioni anarudi Dar. Mimi nakaa hapahapa na mwalimu." Majirani wakacheka. Dalali hakucheka.

Alipobanwa akampigia mwenye gari, simu ikawekwa sauti ya juu. Mwalimu akaanza, "Shikamoo baba." Ikajibu sauti ya mtu mzima aliyechoka. Na yeye hakuzunguka. Alisema anakaa bondeni, jirani na Mto Msimbazi, na Aprili 2024 maji yalimkuta usiku, akaokoa watoto na godoro moja, gari likabaki pale uani siku mbili.

Mvua zile kila mtu anazikumbuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge mwezi huohuo kwamba watu 155 walishapoteza maisha nchini. Na Msimbazi si mgeni kwa mambo hayo: mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya wakazi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani ilishawahi kuingia maji, mabasi yakaharibika.

Gari la mzee wa watu lilikuwa na bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu uliyemgonga. Bima kubwa ndiyo ingeweza kumfuta machozi, lakini nani anakatia bima kubwa Noah ya zamani? Akatengeneza kwa mkopo. Biashara ikagoma. "Mwanangu, mimi nilimwambia huyo kijana aseme ukweli kwamba liliingia maji. Kama hakusema, nisamehe." Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, bila hasira, "Sasa na mimi hasara hii niipeleke kwa nani?"

Pale chini ya mwembe hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu alisimama ameshika simu ya dalali kama kitu cha moto. Ghafla haikuwa tena habari ya mwizi na mwerevu. Palikuwa na mtu aliyebeba hasara ya mvua na anatafuta pa kuitua, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mbele yake na milioni 8 za mkopo.

Mzee wa Dar akashusha bei. Milioni 5.5, mwisho. Mdogo mtu akamshika dada yake mkono. "Dada, tano na nusu! Inabaki mbili na nusu ya kutengeneza!"

Mwalimu akamgeukia fundi. Na fundi, kwa haki, hakulitukana gari. Alisema kwa bei hiyo gari lina mwenyewe: fundi umeme mwenye gereji yake na muda wake, anayeweza kulivua waya zote akaliacha miezi mitatu bila kudaiwa na mtu. "Wewe unadaiwa kila tarehe ya mshahara. Gari lako linatakiwa liamke kila asubuhi. Hili halitaweza."

"Baba, Mungu akufungulie mlango mwingine," mwalimu akasema kwenye simu. "Mimi siwezi." Akamlipa mzee wa gereji elfu arobaini zake, Noah ikageuza, ikashuka na muziki ukiwa umezimwa.

Siku nne mdogo wake hakuongea naye. Anatoka na boda, anarudi, anakula, analala. Siku ya tano alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema bila kumtazama: "Dada, mimi ile harufu niliisikia kulekule Dar. Nikajiambia itaisha."

Mwalimu aliendelea kuchambua mchele. Alikasirika, na haki alikuwa nayo, maana angelipa miezi 36 kwa kitu ambacho pua ya mdogo wake ilishakikataa siku ya kwanza. Lakini alijua pia kwamba mtu aliyechoka kuanguka na pikipiki anaweza kuikataa pua yake mwenyewe. Akamwambia tu, "Safari ijayo tunakwenda wote. Na wewe ndiye utakayenusa."

Wiki iliyofuata Noah ileile ilirudi kwenye lile grupu la WhatsApp. Picha mpya, zulia hilohilo, pafyumu zimerudi mahali pake. Maneno yaleyale: haina tatizo, haidaiwi, nunua ondoka nayo. Bei milioni 8. Wala haikujulikana kama bado ni ya yule mzee wa bondeni au dalali alishainunua kwa bei ya huruma na sasa anatafuta chake.

Kijana aliitazama simu muda mrefu. Akamkumbuka mzee na swali lake. Akaikumbuka na milioni 8 ya mtu mwingine asiyemjua, pengine naye ya mkopo. Kisha akaandika chini ya tangazo mstari mmoja: "Ukienda kuiona, vuta mkanda wa siti ya nyuma mpaka mwisho."

Dakika tano hazikupita, admini akamtoa kwenye grupu.

Makato ya mwezi wa pili yamekatwa. Pesa bado ipo benki, na bado wanatafuta gari.