Kwenye Mstari wa Ikweta, Nanyuki

Kabla hujaingia mjini Nanyuki kutoka upande wa Nairobi, utakiona kibao cha Ikweta kando ya barabara, na karibu yake vibanda vya vinyago, vikapu na shuka za Kimasai. Asubuhi Mlima Kenya huonekana wote mpaka kilele cha Batian, mita 5,199. Jua likipanda kidogo mawingu huufunika, na wageni hubaki na kibao cha kupigia picha. Hapo ndipo vijana wa beseni wanapopatia riziki yao.

Kijana huwa na beseni dogo lenye tundu katikati, jagi la maji na njiti mbili za kiberiti. Niliyemtazama aliwapeleka watalii hatua ishirini hivi kaskazini ya mstari, akaziba tundu kwa kidole, akajaza maji, akaachia. Njiti zikazunguka kufuata mishale ya saa. Akawavusha hatua ishirini kusini, zikazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe njiti zikatulia, maji yakashuka bila kuzunguka. Makofi yakapigwa, vyeti vyenye majina ya wageni vikanunuliwa.

Mimi nilikuwa naangalia miguu yake. Kila alipokwisha kujaza maji aligeuka kuwaelekea wateja: kaskazini kwa bega moja, kusini kwa bega jingine, na katikati hakugeuka kabisa. Maji yalifuata mgeuko ule. Nguvu inayotajwa katika maelezo yake, ya Coriolis, itokanayo na kujizungusha kwa dunia, ni ya kweli, lakini hukua kadiri unavyoiacha Ikweta. Kwa hatua ishirini haifiki hata sehemu moja kati ya laki tatu ya ile iliyopo kwenye ncha ya dunia. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie siku nzima ndipo mzunguko wa kweli ukajitokeza, kinyume cha mishale ya saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney walirudia jaribio hilo, wakaona maji yao yakizunguka upande wa pili. Hao wote walikuwa mbali sana na Ikweta. La kuchekesha zaidi ni kwamba tufani za kaskazini ya dunia nazo huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo beseni la Nanyuki limekosea hata upande. Sikusema kitu, mtu hakatiziwi kazi yake mbele ya wateja.

Kinachonisumbua ni kwamba watu wanasafiri masafa yote yale kuja kuinamia beseni, na mambo ya Ikweta yako juu ya vichwa vyao. Ilikuwa tarehe 20 Machi, siku ambayo jua huchomoza mashariki kamili na kwa mtu wa hapa hupanda wima moja kwa moja hadi utosini. Nilisimika fimbo kwenye udongo nikangoja. Saa sita ikapita, kivuli bado kipo, kimeelekea magharibi. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko kule Somalia, na Nanyuki iko kwenye nyuzi 37. Tofauti ni nyuzi nane, na kila uzi mmoja huligharimu jua dakika nne. Ongeza dakika saba hivi zinazotokana na mwinamo wa dunia na njia yake isiyo duara kamili, unapata kama saa sita na dakika arobaini. Wakati huo kivuli cha fimbo kilijikusanya shinani, kikaisha.

Kijana wa beseni alikuja kutazama. "Mzee, hiyo inafanya hivyo kila siku?"

"Siku chache za Machi, na chache za Septemba. Juni adhuhuri kivuli huangukia kusini, Desemba huangukia kaskazini."

"Wageni huja mwaka mzima," akanijibu, akaliokota jagi lake.

Jua lilipozama lilizama wima vilevile, na giza halikuchelewa. Baridi ya Nanyuki usiku haina mzaha, kwani mji uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Kundi la nyota la Jabari lilikuwa limeshapita utosi kidogo. Katika nyota tatu za mkanda wake iko Mintaka, iliyo karibu kabisa juu ya mstari wa Ikweta wa angani, hivyo huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Kutoka hapa ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho, na nyota huzunguka kati yake kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki. Kila nyota hukaa juu saa kumi na mbili na chini saa kumi na mbili, na kwa mwaka hakuna hata moja inayonyimwa zamu. Ilipofika saa tano, Salibu ya Kusini ilikuwa imeinuka kusini mashariki na Dubu Mkubwa kaskazini mashariki. Mtu wa London haioni Salibu kamwe, na wa Cape Town hamwoni huyo Dubu akiwa mzima.

Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimeshazama upande wa Laikipia, muda mfupi kabla ya saa nne na nusu. Nyota huchomoza na kuzama dakika nne mapema kila siku, kwa sababu dunia, huku ikijizungusha, inasonga pia kwenye njia yake kulizunguka jua. Kwa hesabu hiyo, katikati ya Mei Kilimia huzama pamoja na jua lenyewe, na mwezi Juni huonekana tena mashariki alfajiri. Waswahili wa Pwani waliliona hili zamani: kikizama wakati wa mvua, huibuka wakati wa kiangazi. Nilimweleza mlinzi wa nyumba nilimolala, akasikiliza kwa adabu, amejikunja ndani ya koti. Yeye alikuwa ameshapanda viazi wiki iliyotangulia, maana mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha.