KIJANA WA MBAGALA AKATAA i7, ACHUKUA i5: DADA MTU AJA JUU

Wabongo wengi wakisema CPU wanamaanisha boksi zima, lile linalokaa chini ya meza na kupiga kelele za feni. CPU yenyewe ni prosesa, kidude bapa kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kimejificha chini ya hiyo feni. Na hapo kwenye jina tu ndipo watu wanapoanza kupigwa Kariakoo. Mtu anaingia dukani anasema "nataka CPU kali ya gemu", anaonyeshwa boksi lenye taa za rangi tatu, pesa inatoka. Ndani kuna nini? Hajui, na hakuuliza.

Huyu kijana naye alikuwa anaelekea hukohuko. Ana miaka 22, anatengeneza simu kwenye kimeza nje ya duka la vocha, na mwaka mzima alikuwa anadunduliza. Akafikisha laki nne. Laki nne nyingine akapewa na dada yake, mama lishe, ilikuwa zamu yake ya mchezo. Sasa mama lishe akikupa pesa ya mchezo ujue hajakupa zawadi. Masharti yalikuwa mawili: kompyuta iingize hela, na deni liwe limeisha kabla shule hazijafunguliwa Januari, maana hiyo laki nne ndiyo sare, viatu na madaftari ya watoto wawili. Mume hayupo kwenye picha. Kwa hiyo mtu akiliwa hapo, wanaoumia ni watoto.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Chumba cha mbele, benchi moja, vijana wa mtaa waje wapige EA Sports FC 24 kwa shilingi 500 mechi moja, na wasiopenda mpira wacheze GTA V. Mtaani kwao vibanda vimejaa PS3 zenye mpira wa miaka ile, wachezaji nusu wameshastaafu. Mwenye FC mpya angewavuta.

Siku ya kwanza Kariakoo akadakwa na dalali kabla hata hajavuka barabara. "Kaka, gemu? Njoo nikupe i7. Hii ni i7, bosi wangu, hamna gemu inayoisumbua." Boksi jeusi, stika ya Core i7 inang'aa, bei laki tatu na nusu. Kijana roho ikamdunda. i7 kwa bei hiyo! Akampigia simu mshikaji wake anayefanya kazi kwenye stoo ya kompyuta za mtumba, ili ajisifu tu kwa kweli. Mshikaji akauliza swali moja: "i7 ya ngapi?"

Hapo ndipo penye mchezo wote, mdau, na ukishika hapa tu umeshaokoa pesa. Hiyo 3, 5, 7 au 9 baada ya herufi "i" ni cheo ndani ya kizazi kimoja. Haikuambii kizazi chenyewe. Kizazi kinakaa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Core i7-2600 ni kizazi cha 2, imetoka 2011. Core i5-8500 ni kizazi cha 8, imetoka 2018. Core i3-12100 ni kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Sasa i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8, na hiyo i3-12100 nayo ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa karatasi wako sawa. Ukiziwasha, "i3 ya wanyonge" inaiacha ile i7 mbali sana, maana kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa wakati uleule. Miaka kumi na moja si mchezo kwenye mambo haya. Halafu hizo za kizazi cha 2 hazina kabisa amri zinazoitwa AVX2, ambazo Intel walianza kuziweka 2013, na kuna gemu mpya zisizokubali hata kuwaka bila hizo amri.

Mshikaji akamwambia asibishane na mtu, aombe tu boksi liwashwe. Likiwaka abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende sehemu ya utendaji, abonye pale palipoandikwa CPU. Juu kulia jina la prosesa linajitokeza lenyewe. Dalali akaanza "kaka waya wa monita haupo". Waya ukapatikana. Jina likatokea: Core i5-2400. Stika ilikuwa ya i7, ndani i5 ya 2011. Stika zinabanduliwa kama lebo ya chupa, ndiyo maana usome ndani ya mashine na siyo kwenye bati. Kijana akarudisha boksi, akaambiwa "wewe huna hela", akaondoka zake.

Usiku wakakaa na mshikaji kupiga hesabu. Watengenezaji wa FC 24 wametaja cha chini kabisa: Core i5-6600K, au Ryzen 5 1600 kwa upande wa AMD, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti. Wanachopendekeza ni Core i7-6700, RAM GB 12 na kadi ya GTX 1660. GTA V ni ya 2015 kwenye kompyuta, haina makuu, wao walipendekeza hata Core i5-3470. Kwa hiyo lango lilikuwa FC.

Kijana macho yalikuwa kwenye vitu vipya. Ryzen 5 5600G, viini 6 na nyuzi 12, na hiyo herufi G inamaanisha prosesa imebeba picha ndani yake, hununui kadi. Kitu kizuri hicho, hakuna ubishi. Tatizo, ukiinunua mpya lazima ununue na madabodi, RAM, boksi, umeme wake, na laki nane inakatika kabla hujafika kwenye monita. Wakaangalia Core i3-12100F, nayo kali kwa bei yake, lakini hiyo F mwishoni ni mtego kwa mwenye haraka: F maana yake haina picha ndani. Ukiinunua bila kadi, unawasha, feni inazunguka, skrini giza. Kuna watu wamerudisha mashine nzima dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni F.

Ikabaki mitumba ya maofisini. Zile kompyuta ndefu za kiofisi zinazoletwa kwa makontena, zimechoka rangi lakini ndani nzima. Pale stoo kulikuwa na yenye Core i5-8500: viini 6, inapanda hadi GHz 4.1, kizazi cha kwanza cha Intel kwenye orodha ya Windows 11. Na hili la Windows siyo la kudharau, maana Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia bure tangu 14 Oktoba 2025. Boksi, na RAM GB 8 ndani, laki tatu na themanini. Pembeni ilikuwepo i7-6700 kwa laki tatu, viini 4 nyuzi 8. Mshikaji mwenyewe alikuwa anaipenda hiyo, na kwa FC peke yake ingetosha kabisa. Kijana akang'ang'ania viini 6. Alifanya vizuri, gemu za sasa zinagawa kazi kwenye viini vingi.

Kadi ya picha ikawa GTX 1650 ya mtumba, laki mbili na tisini baada ya kubembelezana. Siyo kwamba ndiyo kali kuliko zote. Zile kompyuta za ofisini zina kiboksi cha umeme kidogo, mara nyingi hakina hata waya wa ziada wa kulishia kadi, na huwezi kukibadilisha kirahisi kwa sababu kila kampuni imejitengenezea umbo lake. GTX 1650 nyingi zinakula wati 75, zote zinapita kwenye tundu la madabodi. Unachomeka, basi. Ila kagua yenyewe kwanza, zipo zilizowekewa tundu la waya. Na kama boksi ni lile jembamba, utahitaji kadi fupi maalumu. Yeye alichukua boksi nene.

Monita ya mtumba laki moja. Jumla laki saba na sabini. Thelathini elfu ikaenda kwenye pedi mbili na nauli.

Sasa nyumbani ndiyo kukawaka. Dada alikuwa ameshasimuliwa habari za i7 asubuhi ile, kabla mambo hayajabadilika. Jioni anaona risiti: i5. "Mdogo wangu, uliniambia kuna saba ya laki tatu na nusu. Umechukua tano ya laki tatu na themanini? Hizo thelathini umepeleka wapi?" Akamaanisha. Majirani wakasogea mlangoni.

Maelezo ya vizazi hayakuingia. Kilichoingia ni jikoni. Kijana akamwambia, "Dada, ile saba ni wapishi wanne wazee wenye jiko la mkaa. Hii tano ni wapishi sita vijana wenye gesi. Na ile saba yenyewe ilikuwa tano imevaa nguo ya saba." Dada akauliza kwa nini basi asingechukua wapishi kumi. Swali zuri kuliko yanayoulizwa dukani! Kwa sababu mpakuaji ni mmoja. Prosesa inapiga hesabu: mpira uko wapi, kila mchezaji kati ya wale 22 anakimbilia wapi. Kadi ya picha ndiyo inayochora. Wapishi kumi na mpakuaji mmoja mchovu, sahani zinatoka kwa kasi ya mpakuaji. Na monita yenyewe ni ya Hz 60, inaonyesha picha 60 kwa sekunde, hata ukiweka i9 haitaonyesha ya 61. Pesa ya juu ya hapo ni ya kumfurahisha muuzaji.

Dada akanyamaza, lakini hakucheka. Akasema wataona Januari.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Mechi zilikuwa zinakwamakwama, mshambuliaji anabaki na golikipa, picha inaganda nusu sekunde, mtu anadai 500 yake. Mtaa ukaanza kusema "si tulimwambia achukue i7". Prosesa haikuwa na kosa. RAM GB 8 ilikuwa imejaa pomoni, tena ni kijiti kimoja, njia moja tu wazi wakati madabodi ina njia mbili. Akakopa kwenye kimeza cha simu, akaongeza kijiti kingine cha GB 8 kinachofanana na cha kwanza. Kukwamakwama kukaisha. Ubora wa picha akaushusha hadi wa kati, hakuna aliyelalamika.

Mpaka mwisho wa Novemba alikuwa amerudisha laki mbili na hamsini. LUKU inakula, siku za mvua hakuna mtu anayekuja, na kuna wawili wanacheza kwa mkopo ambao hawatalipa, kila mtu anajua hilo isipokuwa yeye. Bado laki na nusu, na dada anakuja kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akishaosha masufuria, anasimama mlangoni na kuhesabu vichwa kwenye benchi.

Juzi kauliza ile i7-6700 ya laki tatu, ya wapishi wanne, kama bado ipo stoo. Anasema benchi la pili halihitaji sita.