Nyumba moja, milango mitatu: draiva zilivyotaka kuvunja urafiki

Kuna washkaji wawili hapa mjini, dada na kaka, majina kapuni. Toka chuo wanaandika programu pamoja, na kazi iliyowapa heshima ni draiva za hifadhidata kwa lugha ya Go. Kwa asiyejua: Go inakuja na kifurushi kinaitwa database/sql, ila ndani yake hakuna draiva hata moja. Ni sawa na kununua simu isiyo na laini. Draiva unaitafuta nje, na ndiyo mkalimani wako wa kuongea na MySQL, PostgreSQL au SQLite.

Wao wanatunza zote tatu, repo moja, namba ya toleo moja. Raha tupu, mpaka mwisho wa mwezi fulani draiva ya MySQL ikaanza kung'ang'ania miunganisho bila kuirudisha. Duka la mtandaoni la mteja wao likaganda, mauzo yakasimama. Dawa yenyewe? Mistari miwili tu. Lakini folda ya SQLite ilikuwa nusunusu, majaribio yanafeli, na kwa vile namba ni moja, hatoki mtu mpaka wote wawe tayari. Siku tatu! Mteja akasema wazi kwamba anatafuta watu wengine.

Hapo kitumbua kikaingia mchanga. Kaka akataka wagawane repo tatu, kila draiva na kwake. Dada akagoma: "Kuna msimbo zote tatu zinautumia. Tukitengana, kila kasoro tutaiziba mara tatu, na siku moja tutasahau ya tatu." Kaka naye: "Sawa dada'angu, ila tukibanana hivi, mteja wa MySQL anamsubiri mtu wa SQLite asiyemjua." Wiki mbili zikapita wanajibizana "sawa" na "poa" tu.

Ukweli ni kwamba wote walikuwa sahihi. Go inaruhusu moduli nyingi ndani ya repo moja: kila folda inapata faili lake la go.mod, na tagi ya toleo inaanza na jina la folda. Yaani mysql/v1.4.1 inatoka leo, sqlite/v0.9.0 inaendelea na usingizi wake. Kila folda ikapewa orodha yake ya mabadiliko na mtu wake wa kuiwajibikia. Ukigusa MySQL, yanaendeshwa majaribio ya MySQL. Ukigusa msimbo wa pamoja, yanaendeshwa yote.

Mtego upo lakini. Msimbo wa pamoja nao ni moduli yenye namba yake. Kwenye laptop zao faili la go.work, lililokuja na Go 1.18 mwaka 2022, linaunganisha kila kitu, kwa hiyo kwao mambo yanakubali tu. Wakisahau kutoa toleo la pamoja kwanza, mteja huko nje ndiye anayekwama. Kwa hiyo sheria ikaandikwa juu kabisa kwenye maelezo ya repo: cha pamoja kwanza, draiva baadaye.

Mteja alibaki, kwa masharti. Urafiki nao ulibaki, kwa sababu kumbe ugomvi haukuwa wa mafolda. Ulikuwa wa nani ana haki ya kumsubirisha nani.

Haya, wewe na mwenzako wa kazi, au hata wa nyumbani: mnakaa pamoja, sawa, ila kila mtu ana mlango wake?